Tashibiha, sitiari, tashihisi au taashira? Bei ya kila moja ndani ya mizani 8

Mpwa wangu alishuka kwenye basi la Tandahimba Jumamosi asubuhi, mkononi mfuko wa korosho zilizobanguliwa, kwapani daftari. Kufika kwangu Mikindani, kabla hata chai haijamiminwa, akasema, "Shikamoo mjomba. Nimekwama." Nikaitikia marahaba, nikajua ni ushairi. Aliyekwama kwa pesa huanza na salamu za nyumbani.

Chama chao cha msingi cha ushirika kilikuwa na mkutano mkuu kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, naye kapewa nafasi ya kuwasomea wakulima shairi. Alikuwa na ubeti mmoja tayari, na kila akiusoma anaona umejaa lakini haumshibishi. Huu hapa:

Mkorosho kama mama, hutulisha majumbani,
Bibo lake kama nyama, ya harusi mtaani,
Punje kama lulu njema, kama nyota za angani,
Nasi kama kundi zima, twaziokota shambani.

Vina vipo, -ma katikati na -ni mwishoni. Mizani, yaani silabi, zimetimia, 8 kwa 8 kila mshororo, 64 ubeti mzima. Mtu wa kutafuta kosa la kanuni hapa atatoka mikono mitupu. Lakini hebu hesabu "kama". Zipo 5, na kila moja inakula mizani 2. Kwa hiyo mizani 10 kati ya 64 zimetumika kama kamba ya kufungia mzigo, na mzigo wenyewe ni mwepesi.

"Mjomba," akasema, "niache tashibiha? Niweke sitiari? Au tashihisi, au taashira? Kitabuni zimepangwa zote, kila moja na mfano wake, hakuna anayesema ipi lini."

Ana haki ya kulalamika. Mtihani humwambia mwanafunzi ataje tamathali za semi tano na kuzitolea mifano, anataja, anapata alama zake, anakwenda. Hakuna anayemuuliza kwa nini mshairi alichukua hii akaacha ile. Kwa hiyo tulikaa barazani tukazilinganisha moja baada ya nyingine kwa kitu kilekile, korosho, tukiangalia mambo mawili: inakula mizani ngapi, na inamdai msikilizaji nini. Jambo la tatu lilikuja baadaye lenyewe.

Tashibiha na sitiari

Weka hizi mbili pamoja:

Mkorosho kama mama, hutulisha majumbani.

Mama yangu wa shambani, hunipa kila msimu.

Katika mshororo wa kwanza mti upo, mama yupo, na katikati pana "kama" inayowafunga. Msikilizaji hadaiwi kitu, kila kilichohitajika kimetajwa. Hiyo ndiyo faida ya tashibiha, na ndiyo inayoifanya ipendwe na wanaoanza. Gharama yake iko kwenye kiungo. "Kama" ni mizani 2. "Mithili ya" ni 4, "mfano wa" ni 4, "utadhani" ni 4, yaani nusu ya kipande cha mizani 8 imekwenda na bado hujasema kinafanana na nini. Iko "ja", mizani 1 tu, na washairi wa zamani wa upwa waliitumia sana kwa sababu hiyohiyo. Ila msomee mkulima wa Tandahimba "mkorosho ja mama", atadhani ulimi wako umeteleza.

Mshororo wa pili umeondoa "kama" na umeuondoa mkorosho wenyewe. Mizani 6 zimerudi mfukoni, na zimenunua "yangu wa shambani". Sasa mama ana mahali, na ana mtoto anayezungumza. Hiyo ni sitiari iliyokomaa. Lakini imemkopa msikilizaji: ni lazima ajue mwenyewe kwamba mama huyu ni mti. Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea, mkopo huo unalipwa papo hapo kwa kuwa hakuna mtu asiyejua shambani kuna nani anayetoa kila msimu. Mshororo huohuo usome Bukoba, watu watakupa pole kwa mama aliyeachwa shambani peke yake.

Katikati ya hizi mbili kuna sitiari ya "ni": Mkorosho ni mzazi. Kiungo ni mizani 1, bei nafuu, maana wazi. Mimi siipendi. Ina sauti ya bango. Inatangaza mfanano, haiuonyeshi, na msikilizaji hubaki akikubali kwa kichwa bila kuona chochote.

Basi ukichagua kati ya tashibiha na sitiari, jiulize mfanano wako msikilizaji anautarajia au hautarajii. Kama anautarajia, usipoteze "kama" juu yake. Mti unaolisha watoto kuitwa mama, hilo kila mtu anafika mwenyewe, kwa hiyo tumia sitiari umwachie raha ya kufika. Kama hautarajii, tashibiha inakufaa. Bibo kama nyama ya harusi! Hapo nilicheka, kisha nikaona ni kweli. Bibo lililoiva, lile tunda la mkorosho, unaliuma, maji yanakushuka hadi kiwiko, unafyonza huku umeinama lisichafue nguo, kwa uroho uleule wa mtu aliyepewa mnofu kwenye sinia. Huo mfanano haumo kichwani mwa mtu kabla ya kuambiwa, kwa hiyo kamba ya "kama" inastahili mizani zake. Ukiugeuza sitiari, "nyama ya harusi mtini", watu watauliza nani kaianika.

Lulu na nyota nilimwambia avifute bila kesi. Kwenye chama kizima sijui nani aliwahi kuishika lulu. Picha hizo hazikutoka shambani, zimetoka kwenye mashairi ya watu wengine, na ukizihamisha kutoka tashibiha kwenda sitiari hazipati uhai wowote.

Sitiari nayo huzeeka. Sisi watu wa kusini tunayo moja tunayoisema kila siku: "Mtwara kuchele". Kuchele ni kumekucha, alfajiri imewekwa badala ya maendeleo. Imesemwa mno hadi ukiitamka hakuna anayeliona jua. Mshairi anaweza kuifufua kwa kuirudisha kwenye maana yake ya asili. Kuchele na bado giza, kwa mfano. Hesabu, ni mizani 8 kamili. Nilimpa bure, akakataa, akasema hiyo ni ya mjini.

Tashihisi

Ghala limetabasamu, limemeza jasho letu.

Wanafunzi wengi huchanganya tashihisi na sitiari, maana zote mbili zinakipa kitu sura ya kitu kingine. Kipimo changu cha haraka ni kuangalia neno lililobeba kazi. Sitiari mara nyingi hukaa kwenye nomino: mama, jela, mzigo. Tashihisi mara nyingi hukaa kwenye kitenzi: linatabasamu, linameza, linasinzia. Ghala bado ni ghala, hakuna aliyeliita mtu, ila linatenda ya watu.

Kwa sababu inakaa kwenye kitenzi, tashihisi ni karibu ya bure. Kitenzi kingekuwepo vyovyote. Ukisema "limejaa" umetumia mizani 4. "Limemeza" nazo ni 4. Kwa bei ileile umepata kinywa na koo.

Kiswahili kina njia nyingine tena, nami nashangaa vitabu havikai juu yake. Badilisha upatanisho tu. Ghala ametabasamu. Kusi amekasirika. Hakuna tamathali iliyoongezwa, kitu kimetolewa kwenye ngeli yake kikaingizwa kwenye ngeli ya watu na wanyama, na sikio linashtuka kabla akili haijajua kwa nini. Hapa Mikindani, upepo wa kusi ukikaza na ngalawa zikabaki ufukweni, utasikia mtu anamzungumzia huyo Kusi kama jirani mgomvi, kaamka vibaya, tumwache. Nakutahadharisha tu kwamba ukiandika hivyo kwenye insha ya darasani, mwalimu mwenye haraka atapiga mstari mwekundu. Kwenye shairi ni halali yako, mradi ufanye kwa kusudi na udumu nalo. Usianze na "ghala ametabasamu" ukamaliza na "limefungwa".

Ubaya wa tashihisi ni urahisi wake. Mawimbi yanacheza, nyota zinakonyeza, upepo unanong'ona: hizo zimechakaa hata zikikupitia huzioni. Kitenzi kizuri cha tashihisi kinatokana na kitu chenyewe. Ghala lina mlango mpana, linapokea magunia, linafungwa. Kumeza kunalistahili. Kunong'ona je? Hata kidogo.

Na hapa ndipo lile jambo la tatu lilipoingia: inamlenga nani. Mpwa wangu aliusoma mshororo wa ghala mara mbili, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, hapo aliyemeza ni nani?" Nikamwambia, ghala. "Ghala tu?" Ghala tu. Akaandika kitu pembeni ya daftari, hakunionyesha.

Taashira

Babu aling'oa pamba, mimi napanda korosho.

Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi, huko Kilwa, waling'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu chini ya utawala wa Wajerumani. Vita vya Majimaji vikaanza hapo, na vilikwenda hadi 1907. Pamba ile ilikuwa pamba kweli, ina mizizi na udongo. Ilikuwa pia amri, kiboko na kazi isiyo na ujira wa maana. Aliyeing'oa alijua anang'oa vyote kwa pamoja. Hata maji ya mganga Kinjikitile Ngwale yalikuwa hivyo: maji ya kunywa na kujipaka, na papo hapo ahadi kwamba risasi haitapita.

Huo ndio mpaka kati ya taashira na sitiari, na ndipo watu wanapokosea kuliko kote. Uliza swali moja: kitu chenyewe kipo? Katika "mama yangu wa shambani" hakuna mama, kuna mti. Katika "babu aling'oa pamba" pamba ipo, unaweza kuishika, ila imebeba zaidi ya uzito wake. Sitiari inabadilisha kitu. Taashira inakiacha palepale na kukizidishia.

Kwa mizani, taashira haina bei kabisa. Pa-mba, mizani 2, ungezitumia hata ukiandika taarifa ya kilimo. Kwa msikilizaji ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu haitoi ishara yoyote kwamba ipo. Mzee wa Kilwa akisikia mshororo huu atanyamaza kidogo. Kijana ambaye hakusimuliwa atasikia kwamba zao limebadilika. Lakini angalia jinsi zinavyotofautiana zikishindwa. Sitiari isipoeleweka, mshororo unaanguka, msikilizaji anabaki akiuliza mama gani. Taashira isipoeleweka, mshororo unabaki umesimama kama sentensi ya kawaida yenye maana ya kawaida. Hakuna aliyeaibika. Kwa mkutano wenye watu wa rika na asili mbalimbali hilo si jambo dogo.

Tatizo la taashira ni kwamba huwezi kuitengeneza usiku mmoja. Lazima jamii iwe imeshakipa kitu hicho uzito kabla yako. Mpwa wangu alijaribu kufanya jembe kuwa taashira ya umoja. Nilimuuliza nani mwingine anaona hivyo. Akatabasamu, akafuta.

Nyingine kwa haraka

Chuku, yaani kutia chumvi, ni nzuri kwa kicheko na kwa kilio, basi. Machozi ya mnadani, yamefurisha Ruvuma. Watu watapiga makofi. Ukileta ya pili kwenye ubeti huohuo hawatakuamini hata ile ya kwanza.

Takriri si tamathali kwa maana moja na hizi, ni mbinu ya kurudia, na kwenye shairi la kusomwa kwa sauti ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Kibwagizo kinachorudi kila ubeti kinampa msikilizaji pa kupumzika. Tanakali sauti itumie ukiwa na sauti kweli: korosho inapoanguka na bibo lake juu ya majani makavu, pu! Nje ya hapo iache. Tafsida, yaani maneno ya kupunguza makali, kaa nayo kwa ajili ya misiba.

Kejeli ndiyo ninayoiogopa. Nilishawahi kusoma mbele ya watu:

Asante sana makato, mmenifunza hesabu.

Nilitaka kusema makato ya malipo ya wakulima ni mengi hadi mtu anajifunza kutoa na kugawanya. Karani mmoja akasimama, akapiga makofi kwa furaha, akaja baadaye kunishika mkono. Alidhani nawashukuru. Kejeli inategemea uso na sauti, na msikilizaji aliyekaa nyuma kabisa haoni uso wako. Anayeielewa naye hukasirika, kwa kuwa inamlenga mtu. Sijui ipi mbaya zaidi.

Na kama hutaki mizani?

Aliuliza hilo pia, maana amesoma mashairi huru shuleni na anayapenda. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mwaka 1954, vina na mizani ndiyo iliyokuwa njia. Miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya mashairi yasiyofuata kanuni hizo, na ubishi uliozuka haujazimika hadi leo ukikaa na malenga wa zamani. Mimi sina ugomvi na upande wowote. Ila kwa suala letu la kuchagua tamathali tofauti ni kubwa: ukivua mizani, bei nilizozitaja zote zinafutika. "Mithili ya" haikugharimu kitu, weka hata kumi. Kinachokugharimu sasa ni uvumilivu wa msomaji, na huo hauhesabiki kwa vidole. Mwenye vina na mizani huzuiwa na kipande kujaa. Wa shairi huru hana wa kumzuia ila sikio lake, kwa hiyo ajue tamathali moja inayobeba shairi zima aishike tangu juu hadi chini. Tashibiha nyingi zilizotawanyika kwenye shairi huru huonekana uchi zaidi kuliko kwenye tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti.

Kwa mkutano wa chama nilimshauri abaki na vina. Watu watalisikia mara moja tu, hawana karatasi mkononi, na kina kinachorudi kinawasaidia kushika. Kwa sababu hiyohiyo nilimwambia asizidishe sitiari moja ngumu kwa ubeti. Anayesoma kitabuni anaweza kurudi nyuma. Aliyekaa kwenye benchi chini ya mwembe, mtoto mgongoni, harudi.

Alichochagua

Aliondoka Jumapili kwa basi la asubuhi. Kabla ya hapo, taa ikiwa bado inawaka na nje hakujapambazuka, alinisomea ubeti aliouandika usiku:

Mama yetu kasimama, peke yake kilimani,
Bibo lake kama nyama, ya harusi mtaani,
Ghala nalo laachama, lameza jasho la nani?
Mzani umeinama, hautazami machoni.

Nilihesabu kwa vidole, 8 kwa 8, hakuna kilichopungua. "Kama" imebaki moja, ile ya nyama ya harusi, na alikataa kuigusa nilipomchokoza. Taashira yangu ya pamba ameiacha; alisema babu yake hakutoka Umatumbi, hawezi kuazima babu wa mtu. Mkorosho hautajwi popote. Swali la balagha, lisilodai jibu, la mshororo wa tatu sikumfundisha mimi.

Nikakaa na ule wa nne. Mzani wa kupimia korosho unainama ukiwekewa gunia, hilo kila mkulima ameliona. Na mtu mwenye haya naye huinama. Kitenzi kimoja, mizani 5, kimebeba vyote viwili. Mbele ya benchi pale watakaa mwenyekiti, karani na mpimaji.

"Mpwa wangu," nikamwambia, "hapo watauliza unamsema nani."

Akafunga daftari, akaliweka kwapani. "Nimeandika mzani, mjomba."

Basi likapiga honi barabarani, akatoka mbio na mfuko mtupu, ule aliokuja nao ukiwa na korosho.